NYIMBO ZA KALE NDANI YA KUTA ZA KALE

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mfasiri mmoja wa Serikali mbele ya wanakwaya na wapenzi wa muziki. Twayachapa hapa ili wasomaji wetu wasioweza kuhudhuria nao wapate kuyafikiri.)

Nimeombwa niseme habari za kwaya ndogo za Uingereza ambazo kazi yao ni kuimba nyimbo za kale za nchi ile, tena kuziimba katika makanisa na majumba yaliyosimama tangu zama zile zilipotungwa. Nimekubali kwa furaha. Jambo hili laonekana kuwa la watu wachache, lakini ndani yake mna habari za watu waliotozwa faini, waliofungwa, na hata waliouawa kwa ajili ya ibada ambayo nyimbo hizi zilitungiwa. Basi naomba mnisikilize kwa subira, maana nitaanza mbali kidogo.

KWAYA NDOGO NI KITU GANI?

Sisi tumezoea kwaya za makanisa na za shule, zenye watu 40 au 60, na mmoja akikohoa au akikosa kufika hapana atakayetambua. Kwaya ndogo ninayoisema ni ya watu 8, au 10, au 16. Ni nadra kupita 24. Aghalabu haina kinanda wala chombo kingine cha kuishikilia. Kila sauti huimbwa na watu wawili tu, na pengine na mmoja peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa, kweli. Lakini katika kwaya ya namna hii kila kidole chahesabiwa. Akosaye huyo amekosa mbele ya watu wote, na hana mgongo wa mwenziwe wa kujifichia.

Mbili katika kwaya hizo zimejulikana duniani kote. Ya kwanza ni Tallis Scholars, iliyoanzishwa mwaka 1973 na Peter Phillips, nayo kwa kawaida huwa na waimbaji wapatao 10. Ya pili ni The Sixteen, iliyoanzishwa mwaka 1979 na Harry Christophers. Tangu mwaka 2000 kwaya hii ya pili imekuwa na desturi ya kufanya safari ya kuzunguka makanisa makuu ya Uingereza, mji hata mji, kama wafanyavyo mahujaji, wakiimba nyimbo za kale mahali panapozifaa.

Maneno hayo, "mahali panapozifaa", ndiyo shina la hotuba yangu. Kwa nini mtu apate taabu ya kwenda na waimbaji wake mpaka kanisa la kijijini lenye baridi, na hali mjini ziko kumbi nzuri zenye viti laini? Ili nijibu swali hilo yanipasa kuwaonyesha mahali patatu.

KITABU KIKUBWA CHA ETON

Mwaka 1440 Mfalme Henry wa Sita aliweka msingi wa chuo cha Eton, karibu na mto Thames. Katika kanuni za chuo aliamuru kwamba kila jioni wavulana wa kwaya waende kuimba wimbo wa kumheshimu Bikira Maria. Kwa ajili ya kazi hiyo, yapata mwaka 1500, kiliandikwa kwa mkono kitabu kikubwa mno cha nyimbo. Hakikuwa kitabu cha kushika mkononi. Kiliwekwa wazi juu ya meza ya mwinamo, na waimbaji wote wakasimama mbele yake wakisoma katika kurasa zile mbili zilizofunuliwa, kila sauti ikiwa imeandikwa mahali pake.

Nyimbo za kitabu hiki ni ndefu na zenye madoido mengi. Silabi moja ya neno la Kilatini yaweza kuchukuliwa na sauti ya mvulana ikapandishwa, ikazungushwa, ikashushwa, kama ndege aina ya mwewe asiyetaka kutua. Mwanzoni zilikuwamo nyimbo 93. Leo zimesalia 64, na baadhi yake zimekatika, kwa kuwa kurasa nyingi zimenyofolewa. Katika karatasi 224 za kwanza zimebaki 126.

Hata hivyo yafaa tushangae kwa yaliyobaki kuliko kwa yaliyopotea. Kuta za kanisa lile lile la Eton zilikuwa na picha nzuri za miujiza ya Bikira Maria, na mwaka 1560 picha zile zikapakwa chokaa, zisionekane tena mpaka karne ya 19. Ukuta ulinyamazishwa kwa chokaa, lakini kitabu kikaokoka, nacho kiko Eton hata leo. Waimbaji wa leo waziimbapo nyimbo zake ndani ya kanisa lenye dari ndefu, wasikilizaji huelewa upesi kwa nini mtunzi hakufanya haraka: sauti yahitaji muda wa kupanda mpaka juu na kurudi.

MTUMISHI WA MATAJI MANNE

Pa pili ni Waltham, katika wilaya ya Essex. Palikuwa na nyumba kubwa ya watawa, na mmoja wa watumishi wake alikuwa mwimbaji aitwaye Thomas Tallis, aliyezaliwa yapata mwaka 1505. Mfalme Henry wa Nane alipokwisha kuvunja uhusiano na Papa wa Roma, alianza kuzifunga nyumba za watawa moja moja na kuchukua mali zake. Waltham ilikuwa ya mwisho kufungwa katika nchi nzima, mwezi wa Machi mwaka 1540. Tallis alilipwa shilingi 20 za mshahara na shilingi 20 za bakshishi, akatoka kwenda kutafuta kazi nyingine. Sehemu ya kanisa lile ingali imesimama, na watu wa Waltham wangali wakisali humo.

Tallis hakukaa bure. Alipata kazi Canterbury, kisha akaingia katika kwaya ya kanisa la Mfalme, akadumu humo mpaka kufa kwake mwezi wa Novemba mwaka 1585. Alitumikia mataji manne: Henry wa Nane, Edward wa Sita, Malkia Mary, na Malkia Elizabeth wa Kwanza. Na kila taji lilikuwa na amri yake. Chini ya Henry, Kilatini. Chini ya Edward, Kiingereza, na vitabu vya ibada ya Kilatini vikaamriwa viharibiwe. Chini ya Mary, Kilatini tena. Chini ya Elizabeth, Kiingereza, ijapokuwa Malkia mwenyewe alipenda kusikia Kilatini katika kanisa lake.

Mwaka 1544 Askofu Mkuu Cranmer alimwandikia Mfalme akimshauri kuwa wimbo wa kanisa usijae nota nyingi, bali iwe, kadiri iwezekanavyo, kila silabi na nota yake, ili maneno yasikike wazi. Hebu fikirini, enyi wanakwaya. Mtu aliyelelewa katika nyimbo kama zile za Eton, ambamo silabi moja yaweza kubeba nota 20 au 30, aambiwa sasa atunge kwa kipimo cha nota moja. Tallis alitii, akatunga nyimbo fupi za Kiingereza zilizo nyofu na safi kama maji ya kisima. Akaruhusiwa tena, akatunga wimbo wa Kilatini wa sauti 40, uitwao Spem in alium, ambamo kwaya 8 za watu watano watano huitikiana, na kila mtu ana njia yake peke yake. Mtu mmoja aliyaweza yote mawili. Nadhani jambo hilo latosha kumheshimu.

MISA ZA SIRI

Sasa nafika mahali pa tatu, nami nitakaa hapo zaidi. Ni nyumba ya Ingatestone, katika Essex vile vile.

Tallis alikuwa na mwenziwe aliyekuwa kijana kwake, William Byrd, aliyezaliwa yapata mwaka 1540. Wote wawili walipendwa na Malkia Elizabeth. Mwaka 1575 aliwapa haki ya kuchapa muziki katika nchi nzima kwa muda wa miaka 21, mtu mwingine asiwaingilie. Nao wakamshukuru kwa kuchapa kitabu cha nyimbo 34 za Kilatini, 17 za kila mmoja, kwa sababu Malkia alikuwa katika mwaka wake wa 17 wa kutawala.

Lakini Byrd alikuwa Mkatoliki, na kuwa Mkatoliki siku zile ilikuwa hatari. Sheria ya mwaka 1581 ilisema kwamba asiyehudhuria ibada ya Kanisa la Uingereza alipe pauni 20 kwa kila mwezi, na fedha hizo zilikuwa nyingi kuliko mshahara wa mwaka wa mafundi wengi. Padre aliyesoma Misa alitozwa marki 200 na kufungwa mwaka mmoja. Aliyeisikiliza alitozwa marki 100 na kufungwa vile vile. Sheria ya mwaka 1585 ikaongeza kwamba padre aliyepewa daraja ng'ambo katika enzi ya Elizabeth akionekana nchini ahesabiwe msaliti, na adhabu ya msaliti ni kifo. Mwenye kumficha, naye kifo.

Sheria hizi hazikuwa maneno ya kutisha tu. Padre mmoja, John Payne, alikaa Ingatestone akijulikana kwa watu kama msimamizi wa nyumba. Alikamatwa, akauawa hadharani katika mji wa Chelmsford tarehe 2 Aprili mwaka 1582.

Mwezi wa Julai mwaka 1586 Wakatoliki kadha walikutana kwa siri katika nyumba ya bwana mmoja, Richard Bold, karibu na mto Thames. Padre William Weston aliyekuwapo ameandika kwamba mlikuwa na kinanda na vyombo vingine, na waimbaji wanaume kwa wanawake, wote watu wa nyumba ile, na kwamba Bwana Byrd naye alikuwapo. Walikuwapo pia mapadre wawili waliokuwa wamefika nchini siku chache tu, Henry Garnet na Robert Southwell. Yaliyowapata baadaye ni haya: Weston alikamatwa mwezi uliofuata akakaa kifungoni mpaka mwaka 1603, Southwell aliuawa mwaka 1595, Garnet aliuawa mwaka 1606. Lakini siku zile chache waliimba.

Byrd mwenyewe alisalimika. Alikuwa mwimbaji wa Malkia, tena aliendelea kulitungia Kanisa la Uingereza nyimbo bora, na wakubwa walimwia radhi, ijapokuwa yeye na mkewe waliitwa mara kwa mara barazani kwa kutohudhuria ibada. Yapata mwaka 1593 alihamia kijiji cha Stondon Massey, si mbali na Ingatestone, ambako bwana wa nyumba, Sir John Petre, alikuwa rafiki yake na mlinzi wake. Nyumba ya Ingatestone ilikuwa na maficho mawili ya kufichia mapadre, nayo yapo hata leo. Nyumba ingali mikononi mwa ukoo wa Petre, na wageni hupokewa kwa siku zilizowekwa.

Katika miaka ile Byrd alichapa Misa tatu za Kilatini: moja ya sauti nne, moja ya sauti tatu, moja ya sauti tano. Vilikuwa vijitabu vyembamba, visivyo na ukurasa wa jina, wala mwaka, wala jina la mpiga chapa, rahisi kufichwa. Jambo la ajabu ni kwamba jina lake mwenyewe aliliacha juu ya kurasa. Mpiga chapa alifichwa, mtunzi hakujificha.

Sikilizeni jinsi zilivyotungwa. Hazina madoido ya Eton. Ni fupi, maana ibada ya siri haiwezi kukawia. Zahitaji watu wachache, maana chumba ni kidogo, na kila mtu anayejua siri ni hatari moja zaidi. Mwishoni mwa Misa ya sauti nne yapo maneno ya kuomba amani. Hapo Byrd ameifanya sauti moja ikawie katika nota yake wakati nyingine zimekwisha kusogea, hata zinakwaruzana. Kisha ile iliyokawia hushuka taratibu, utulivu ukarudi. Na mara sauti nyingine hufanya vivyo hivyo, tena na tena, mpaka mwisho. Mtu asiyejua neno moja la Kilatini hutambua kwamba walioomba amani pale walikuwa na haja nayo.

Baadaye, mwaka 1605 na mwaka 1607, alichapa vitabu viwili vikubwa zaidi viitwavyo Gradualia. Cha pili alimtolea Petre, akisema kwamba nyimbo zile zilikuwa kama maua yaliyochumwa katika bustani yake. Kwa kitabu cha kwanza, mwaka ule ule wa 1605 ambao Wakatoliki wachache walifanya njama ya kulilipua Bunge kwa baruti, mgeni mmoja, Charles de Ligny, alikamatwa katika nyumba ya wageni mjini London akatiwa gerezani. Kosa lake lilikuwa kukutwa na vitabu vya nyimbo vya William Byrd.

Byrd alifariki tarehe 4 Julai mwaka 1623. Kaburi lake halijulikani.

KITABU KIMOJA KIKIPOTEA

Tofauti na kitabu cha Eton, nyimbo nyingi za zamani zile ziliandikwa katika vitabu vya sauti mbalimbali. Mwimbaji wa besi alikuwa na kitabu chenye besi peke yake, wa tena na chake, na kadhalika. Wimbo wa sauti tano ulikuwa katika vitabu vitano. Basi mkiona vitabu vinne na cha tano kimepotea, hamna wimbo; mna jedwali la hesabu lililofutwa mstari mmoja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa vitabu vya Peterhouse, katika chuo kikuu cha Cambridge. Viliandikwa yapata mwaka 1540, vikiwa na nyimbo 72, lakini kitabu cha tena kimepotea chote, na kurasa kadha za sauti ya juu hazipo. Mtaalamu Nick Sandon alitumia miaka mingi kuyaziba mapengo hayo. Hakubahatisha. Mara nyingi sauti moja huiga iliyotangulia, na kwa hiyo ya nne humwonyesha mtu ya tano ilianzia wapi. Mara nyingine sauti iliyopotea ilikuwa imeshika wimbo wa ibada unaojulikana kutoka vitabu vingine. Kwaya ndogo ya Boston, Marekani, iitwayo Blue Heron, imeziimba nyingi katika nyimbo hizo, na watu wamesikia kazi ambazo masikio hayakuzisikia kwa muda wa karne nne na zaidi.

Kabla yake walikuwako wengine. Richard Terry, kiongozi wa kwaya ya kanisa kuu la Kikatoliki la Westminster toka mwaka 1901 hata 1924, aliziimbisha Misa za Byrd katika ibada za kila siku. Edmund Fellowes, padri wa Kanisa la Uingereza huko Windsor aliyefariki mwaka 1951, alinakili na kuchapa kazi zote za Byrd. Mkatoliki na Mwanglikana walifanya kazi moja kwa mtu mmoja. Nyimbo zilizokuwa sababu ya kifungo leo huimbwa katika makanisa ya pande zote mbili, na hakuna anayeangalia mlangoni.

Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza kwamba daftari peke yake halitoshi. Vitabu vya Peterhouse vilikuwa salama katika maktaba, lakini vilikuwa kimya.

MAWE, MBAO NA MWANGWI

Sasa nirudie swali langu la kwanza. Jengo la mawe halimezi sauti, huirudisha. Katika kanisa kuu sauti yaweza kukaa hewani sekunde kadha baada ya mwimbaji kufunga kinywa. Kiongozi akiharakisha, nota ya pili huikanyaga ya kwanza, na watu husikia vurumai. Hana budi kupunguza mwendo, na waimbaji wake hawana budi kuzitamka herufi kwa ukali zaidi. Katika chumba chenye kuta za mbao na mazulia sauti hufa upesi. Hapo mwendo waweza kuwa mwepesi, na kila kosa husikika.

Tena vitabu vya kale havina alama za kusema imba kwa nguvu au imba polepole. Mwimbaji aona nota na maneno, basi. Mimi ni mfasiri kwa kazi yangu, na naijua hali hiyo. Maneno ya mtu mwingine yako mbele yako, mwenyewe hayupo wa kuulizwa, na wewe wapaswa kuyatoa bila kuyaongeza wala kuyapunguza. Mfasiri huuliza: maneno haya yalisemwa wapi, kwa nani? Mwimbaji naye huuliza vivyo hivyo, na jengo humjibu. Akisimama chini ya dari ya mawe atajua kwa nini watunzi wa Eton walikawia. Akisimama katika chumba cha nyumba kama Ingatestone, watu watano wakikaribiana, atajua kwa nini Byrd alisema machache.

Kwa sababu hiyo si kila mahali pa kale pafaa kila wimbo wa kale. Misa ya Byrd ya sauti tatu ikiimbwa katika kanisa la watu 2,000 hupendeza, lakini hupotewa na kitu kimoja kikubwa, nacho ni ukaribu wa watu wanaoaminiana. Jambo jingine: wako wasemao kwamba wanawake hawana haki ya kuimba sauti ambazo kanisani ziliimbwa na wavulana. Kwa nyimbo za Eton neno hilo lina uzito. Kwa Misa za Byrd halina, kwa kuwa tumekwisha kusikia ushahidi wa Padre Weston.

NENO LA MWISHO KWA WANAKWAYA

Labda mmoja wenu atauliza, haya yatuhusu nini? Nami nitamjibu kwa ufupi. Kwaya zetu nyingi zilijifunza kwa solfa iliyoletwa na misheni, zikaimba sauti nne bila chombo chochote, katika majengo ya mawe na ya mabati. Kazi ya kusikilizana bila kinanda twaijua. Tuyachukue basi mambo matatu kwa hawa wenzetu. Kwanza, kwaya si lazima iwe kubwa ili iwe njema. Watu 10 wanaosikilizana hushinda 60 wanaoshindana. Pili, lisikilizeni jengo lenu kabla ya kuimba, mkapime mwendo wenu kwa mwangwi wake. Tatu, kila mwenye wimbo aliofundishwa na mzee wake auandike leo, sauti zote, pamoja na jina la aliyemfundisha. Kisha aufundishe kwa mwingine, uimbwe. Katika vitabu vya Peterhouse sauti moja tu ilipotea, na kuirudisha kumegharimu sehemu kubwa ya maisha ya mtu mmoja.